LSD au difu loki: ipi ifungwe difu ya nyuma?

njia_ya_mawe:

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kwa wanaozijua difu kwa undani.

Gari ni pikapu 4x4, kwenye lami inaendeshwa na matairi ya nyuma tu. Mbele ina sasipensheni huru, nyuma ni ekseli moja nzima. Difu zote mbili ni za kawaida kabisa. Matairi inchi 31, gia za mkono, traksheni kontroli haina. Ikiwa na mzigo inafika kama kilo 2,200. Njia zake ni mitaro inayokatiza barabara kwa mshazari, mawe ya kupanda taratibu, na mvua zikianza kuna tope la utelezi kwenye barabara zilizolala upande.

Tatizo: tairi moja la nyuma likining'inia tu, linazunguka bure na gari linasimama hapo hapo hata nikiwa 4L (4x4 ya gia ya chini).

Fungu linatosha difu moja kwa sasa. LSD (difu inayopunguza tairi moja kuzunguka bure) au loki (inayofunga matairi mawili ya ekseli yazunguke pamoja)? Kama ni loki, ya hewa, ya umeme, au ile inayojifunga yenyewe? Na hafushafti (vyuma vinavyopeleka nguvu kutoka difu hadi kila tairi) za kiwandani zitavumilia?

kraunwili:

Mkuu, umeshajibu nusu ya swali mwenyewe uliposema tairi linaning'inia. Hapo ndipo LSD nyingi zinapoishiwa.

Angalia hesabu. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa sawa. Tairi lililo kwenye utelezi likiweza kupokea Nm 100 tu (niutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kabla ya kuanza kuzunguka bure, la upande wa pili nalo linapata 100, hata kama limekaa juu ya mwamba mkavu. LSD ya gia, mfano Torsen au Truetrac, inazidisha: uwiano wake ukiwa 3, tairi lenye mshiko linapata hadi 300. Kwenye tope hiyo ni tofauti kubwa. Lakini tairi lililo hewani linapokea karibu sifuri, na sifuri ukizidisha kwa tatu inabaki sifuri.

LSD ya sahani za klachi ina springi zinazobana sahani muda wote, kwa hiyo hata tairi moja likiwa hewani kuna nguvu kidogo inavuka upande wa pili. Tuseme mbano huo ni Nm 120. Sasa gari la kilo 2,200 kwenye mwinuko wa digrii 20 linavutwa kurudi nyuma kwa niutoni 7,400 hivi. Kutoka katikati ya tairi lako mpaka chini, likiwa limebeba uzito, ni kama mita 0.38. Maana yake matairi yote kwa pamoja yatoe karibu Nm 2,800 ili gari lisirudi nyuma, na hapo hujalihesabu jiwe lililo mbele ya tairi. Mia na ishirini haitakusogeza. Zipo LSD zinazobana zaidi kadiri injini inavyosukuma, ila mbano huo unategemea nguvu inayopita kwenye difu, na tairi likiwa hewani inayopita ni ndogo.

Loki haijali hayo yote. Hafushafti mbili zinakuwa kama chuma kimoja, na tairi lenye mshiko linabeba mzigo wote wa ekseli.

Kwa matumizi yako nafunga loki ya kuwasha na kuzima, nyuma. Ya hewa au ya umeme zote zinafanya kazi. Mbele acha kwanza, kwa sababu sasipensheni huru ina jointi za CV (zile zinazopinda usukani ukikatwa), na loki ya mbele ikiwa imewashwa huku usukani umekatwa hadi mwisho ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuvunja jointi.

Kuhusu hafushafti za nyuma: kwenye difu ya kawaida kila moja inabeba nusu. Ukifunga loki, moja inaweza kubeba yote. Kwenye tope haina shida, tairi litateleza kabla chuma hakijachoka. Hatari ni mwamba mkavu: tairi limejibana kati ya mawe, uko 4L gia ya kwanza, unakanyaga mafuta kwa hasira. Injini ya Nm 300, gia ya kwanza yenye uwiano wa 4, gia ya chini ya 2.5 na difu ya 4 zinatoa Nm 12,000 kwenye karatasi. Hakuna hafushafti ya pikapu ya kuipa nguvu hiyo. Matairi ya inchi 31 na mguu mwepesi, za kiwandani zinatosha. Ukipanda hadi inchi 35, hesabu inabadilika.

oili_ya_difu:

Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu mitaro na mawe. Ila tusiipite haraka ile barabara ya tope iliyolala upande, maana hapo loki inaweza kukutia mtaroni.

Difu ya kawaida ikiteleza, linazunguka tairi moja, na lile lililotulia linaishikilia nyuma ya gari isishuke. Ukiwasha loki, yote mawili yanazunguka, mshiko wa pembeni unapotea, na mkia unateremka kuelekea chini ya mteremko. LSD iliyobanwa sana inafanya vivyo hivyo, tena hiyo huna swichi ya kuizima. Kwenye njia ya namna hiyo zima loki, gia ya juu kidogo, mwendo wa taratibu usiobadilika.

Kwa wenye gari lenye traksheni kontroli jibu langu lingekuwa tofauti: LSD ya gia ni chaguo zuri sana kwao. Kompyuta inashika breki ya tairi linalozunguka bure peke yake, na difu inazidisha upinzani huo kwenda upande wa pili. Breki ya Nm 400 kwenye tairi lililo hewani inaleta hadi 1,200 kwenye tairi lenye mshiko kama uwiano ni 3. Kwenye difu ya kawaida breki hiyo hiyo ingeleta 400 tu.

Asiye na kompyuta lakini ana LSD ya gia anaweza kutumia breki ya mkono, kama inashika matairi ya nyuma, akiivuta nusu huku anakanyaga mafuta taratibu. Breki ikishika Nm 400 kila upande, tairi lenye mshiko linapokea 1,200, linatoa 400 kushinda breki yake, zinabaki 800 za kusukuma gari. Lakini angalieni: hila hii kwenye difu ya kawaida haina faida yoyote. Linapokea 400, linatumia 400, haibaki kitu. Watu wengi wanaunguza breki bure kwa kutolijua hilo.

Na kabla hujanunua LSD ya klachi ya mtumba, au kuilaumu iliyomo ndani ya gari, ipime. Weka vizuizi matairi ya mbele, gia nyutro, 4x4 imetolewa, breki ya mkono imeachiwa. Inua tairi moja la nyuma kwa jeki, weka stendi, tairi la pili libaki chini. Funga bamba la chuma kwenye stadi za gurudumu, zungusha taratibu kwa toki renchi katikati kabisa. Usome nguvu inayohitajika likiwa tayari linazunguka, si ile ya kuanzia. Linganisha na kitabu cha gari. Tairi likizunguka kwa mkono bila upinzani, sahani zimekwisha.

Oili nayo si ya kubahatisha. LSD ya klachi inataka GL-5 (daraja la oili ya difu) yenye dawa ya LSD (kiongezi cha kulainisha msuguano wa sahani). Bila dawa, gari linagugumia na kutetemeka nyuma unapokata kona kali. Dawa ikizidi, sahani zinateleza na umebaki na difu ya kawaida. Ukibadilisha oili, zungusha gari mizunguko kadhaa ya umbo la nane mahali tambarare penye changarawe ili oili mpya iingie kati ya sahani. Truetrac ni kinyume: oili ya kawaida ya GL-5, usiweke dawa hiyo kabisa.

spaida_nne:

Niongezee kwenye zile zinazojifunga zenyewe, kwa kuwa ndugu ameuliza na bei yake huwa inavutia.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza inakuja na nyumba yake nzima (kasha linaloshika gia za ndani ya difu), mfano Detroit Locker, na ni imara sana. Ya pili, kama Lock-Right, unatoa spaida (gia ndogo za ndani ya nyumba) na gia za pembeni, unaiingiza ndani ya nyumba ile ile ya zamani. Faida yake ni kwamba huigusi nafasi ya kraunwili (gia kubwa ya difu) na pinia (gia ndogo inayoizungusha), ila nguvu yake haiwezi kuzidi ya hiyo nyumba.

Zote zinabaki zimefunga mpaka tairi la nje ya kona lilazimishwe kwenda kasi kuliko la ndani, ndipo meno yanaachia. Ukiwa na mafuta kidogo kwenye kona, tairi la ndani ndilo linalosukuma. Utasikia mlio wa ta-ta-ta, na mara nyingine kishindo likirudi kufunga. Lami ikiwa na maji, ukiongeza mafuta katikati ya kona, mkia unaweza kukimbia. Matairi ya nyuma lazima yalingane ukubwa, uchakavu na upepo. Gari linalotembea lami kila siku halihitaji hii nyuma. Kwa mbele, kwenye ekseli nzima yenye frihabu za mkono (za kuunga na kuachanisha matairi ya mbele na hafushafti), inakubalika, kwa sababu ukiachia frihabu barabarani haina kazi. Ya kwako si ekseli nzima, kwa hiyo iache.

njia_ya_mawe:

Asanteni sana wakuu, mmenifumbua macho, hasa ile ya breki ya mkono. Nimeelekea loki ya hewa nyuma. Nitajuaje ipi inaingia kwenye difu yangu kabla ya kuagiza? Na fundi akifunga, ni wapi hasa panapoharibikia?

kraunwili:

Mambo mawili ya kujua kabla ya kuagiza: uwiano wa difu na idadi ya meno ya hafushafti.

Uwiano: tairi moja la nyuma juu, la pili chini, gia nyutro, 4x4 imetolewa, mbele kuna vizuizi. Chora alama kwenye propela shafti (chuma kirefu kinachopeleka nguvu hadi kwenye difu). Zungusha tairi lililo juu mizunguko miwili kamili na uhesabu propela imezunguka mara ngapi. Ikizunguka mara nne na sehemu ya kumi, difu yako ni 4.1. Miwili na si mmoja, kwa sababu tairi la chini limesimama na kraunwili inakwenda nusu ya mwendo. Difu ikishafunguliwa hakikisha kwa kuhesabu meno: 41 kwa 10 ni 4.1. Uwiano una maana kwa kuwa baadhi ya ekseli zina nyumba mbili tofauti. Dana 44, kwa mfano, ya 3.73 kushuka chini haiingiliani na ya 3.92 kupanda. Meno ya hafushafti usiulize mtu, chomoa uhesabu, ukianzia jino ulilolitia rangi.

Kwenye kufunga, kazi yenyewe ni kupanga kraunwili na pinia, hewa ni jambo la pili. Kabla ya kulegeza chochote, fundi apime mchezo wa kraunwili (nafasi iliyopo kati ya meno yake na ya pinia) kwa dayo geji sehemu tatu au nne na aandike. Apige alama vifuniko vya beringi, cha kushoto na cha kulia visibadilishane. Beringi ziwe mpya. Difu ya inchi 8 ya Toyota inataka mchezo wa milimita 0.13 hadi 0.18, ya kwako fuata kitabu chake. Kisha apake rangi ya kupimia meno na kuangalia inavyogusa. Fundi akikwambia anasikiliza kwa mkono, tafuta mwingine, maana mchezo ukiwa mdogo mno difu inaunguruma na kuchemka, ukizidi meno yanagongana na kukatika.

Upande wa hewa, adui ni oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) mbili zilizo ndani ya pete inayopitisha hewa kando ya beringi. Zipakwe oili kabla ya kuingizwa, zisikatwe ukingoni. Bomba la shaba la ndani likunjwe kwa upinde mpana na lisiikaribie kraunwili. Tundu la kupitisha bomba likitobolewa, weka grisi kwenye keekee ishike unga wa chuma, kisha pitisha sumaku ndani. Mpira wa nje ufuate mpira wa breki, uwe na urefu wa kutosha ekseli ikishuka hadi mwisho, ukae mbali na ekzosi. Bomba la kupumulia difu lipandishwe juu, usawa wa boneti, kwani difu iliyopata moto ikitumbukia kwenye maji ya baridi inavuta maji ndani.

Majaribio: inua matairi yote mawili ya nyuma, gia nyutro. Loki ikiwa imezimwa, zungusha moja. La pili ligeuke kinyume au lisimame. Washa: yote yageuke upande mmoja. Halafu zima injini, acha kompresa na loki vikiwa vimewashwa, usikilize kwa robo saa. Kompresa ikiwaka kila baada ya muda mfupi kuna uvujaji. Paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote vya nje. Kama havitoi povu, sikiliza kwenye bomba la kupumulia. Hewa ikitokea hapo ni oringi za ndani. Na ukiona oili inatokea kwenye vavu ya umeme kila unapozima loki, ni pale pale: sili imeachia na oili inapanda na mpira.

Namna ya kutumia: washa kabla ya kikwazo, gari limesimama au linatambaa. Usiwashe tairi likiwa tayari linazunguka bure, meno ya loki yanagonga na kuliwa pembe. Ukizima na ikagoma kuachia, bado hafushafti zimejisokota. Nyoosha usukani, rudi nyuma kidogo, itaachia.

oili_ya_difu:

Nyongeza ndogo kwa atakayechagua ya umeme inayofungwa na mota iliyo nje ya difu: mota hiyo hufa kwa kukaa bila kazi. Maji yanaingia, inashika kutu, siku ya shida taa inamweka tu na loki haiingii. Iwashe kila mwezi kwenye changarawe, uende taratibu ukikata usukani kidogo kushoto na kulia mpaka taa itulie.

Na wewe wa hewa, baada ya kilomita 1,000 za kwanza mwaga oili ya difu, futa plagi ya sumaku na uangalie. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, mrudishie fundi afungue.