Mississippi John Hurt: tuanze na santuri za 1928 au na rekodi za uzeeni?

Mwalimu wa Gitaa, Dodoma

Ndugu wanajukwaa, salaam. Hapa Dodoma ninafundisha vijana gitaa kavu, na ningependa wamsikilize Mississippi John Hurt, mkulima na mwimbaji wa blues (muziki wa Wamarekani weusi) wa kijiji cha Avalon katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, aliyejifunza gitaa mwenyewe tangu utotoni. Je, niwaanzishe na rekodi zake za mwaka 1928, au na zile za miaka ya 1960 alipokuwa amekwisha kuzeeka?

Mpenda Santuri, Kondoa

Mwalimu, anza na 1928, kwa sababu ndipo historia yake yote ilipojikita. Mpiga fidla Willie Narmour alimpendekeza kwa kampuni ya santuri ya Okeh, naye mwezi Februari akarekodi nyimbo nane mjini Memphis, ambazo kati yake zilitolewa mbili tu, "Frankie" na "Nobody's Dirty Business". Desemba aliitwa New York, na huko akarekodi "Avalon Blues", wimbo unaokitaja kijiji chake kwa jina. Mauzo yalikuwa hafifu, uchumi ukaanguka mwaka uliofuata, naye akaendelea na kilimo kwa zaidi ya miaka 30 bila kurekodi tena. Mwaka 1963 kijana mmoja mpenzi wa blues, Tom Hoskins, alilifuata jina hilo la Avalon hadi kulipata katika ramani ya zamani, akafunga safari, na akamkuta mzee yuko hai palepale. Mwaka huohuo Hurt alipanda jukwaani katika tamasha la muziki la Newport, hukohuko Marekani. Wanafunzi wasiposikia kwanza wimbo uliomrudisha, watamwona kama mzee aliyetokea tu.

Binti wa Mpwapwa

Shikamoo, mzee wangu wa Kondoa. Historia umeieleza vizuri, lakini anayejifunza anahitaji kwanza kuusikia mkono, na santuri za zamani zina mikwaruzo inayozimeza nyuzi nene. Katika rekodi za miaka ya 1960 kidole gumba kinasikika waziwazi kikipishanisha nyuzi za besi bila kuyumba, huku vidole vingine vikibeba wimbo na mara nyingi vikiutangulia mdundo. Kijana aliyekua akisikia ilimba ya Wagogo, ala ya vipande vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, ana sikio lililokwisha kuzoea sauti zinazopishana namna hiyo, na hilo ni la kumtia moyo.

Mpenda Santuri, Kondoa

Marahaba, binti yangu. Kwa mazoezi ya gumba nakubaliana nawe, ila "Frankie" ya 1928 wasiikose, kwa wepesi wa vidole vyake. Mwalimu, uyachunguze pia mashairi: "Candy Man" ina mafumbo ya mapenzi yasiyowafaa wadogo, lakini Desemba ileile alirekodi "Blessed Be the Name", wimbo wa ibada ambao vijana wa kwaya wataupokea bila shida.

Mwalimu wa Gitaa, Dodoma

Nashukuru sana. Nitaanza na huo wa ibada, kisha "Avalon Blues", na mazoezi ya gumba tutayafanya kwa rekodi za uzeeni.