Safari ya Mjomba Ujerumani (kikundi cha familia)

Zai (Stuttgart): Shikamooni. Mjomba, tiketi ishatoka? Nataka kupanga tutembee wapi.

Mjomba: Marahaba. Mimi kwa Benz tu, siku ya kwanza. Jumatatu asubuhi.

Zai: Jumatatu wanafunga 😅 Makumbusho ya Benz twende Jumanne. Jumatatu nawapeleka makumbusho ya Sinsheim, kule hawafungi hata sikukuu. Juu ya paa wameweka ndege ya Concorde na ile Tupolev ya Warusi, unaingia mpaka ndani.

Juma: Na lile kanisa la Ulm? Mnara mita 161, ngazi 768!

Shangazi: Ngazi 768 nakwenda kuchukua nini huko juu? Magoti yangu hata soko la Kariakoo yananisumbua.

Zai: Shangazi, kwa Benz unapanda lifti hadi juu kabisa, halafu mnateremka taratibu. Ukitoka tu kwenye lifti unakutana na farasi.

Mjomba: Farasi wa nini? Mimi nataka injini.

Zai: Wanaanzia enzi za farasi, mjomba. Ukishampita ndiyo unaikuta ile motokaa ya Karl Benz ya 1886, tairi tatu.

Mjomba: Ile aliyoendesha mkewe Benz?

Zai: Ya Bertha ilikuwa ya baadaye kidogo, ila ni ya aina hiyohiyo. 1888 aliondoka Mannheim na wanawe wawili kwenda Pforzheim kwa mama yake, kilomita mia na ushee, mume hana habari. Njiani paipu ya mafuta ikaziba, akaizibua kwa pini ya kofia. Waya ukaleta shoti, akauzungushia mpira wa soksi. Breki zikalika, fundi viatu akazigongea ngozi. Mafuta alinunua Wiesloch, duka la dawa!

Mjomba: Huyo ndiye fundi. Vijana wangu hapa gereji gari likizima wanatafuta kompyuta.

Juma: Mjomba, nauli je? Treni za huko ghali.

Zai: Kuna tiketi ya siku ya jimbo zima, Baden-Württemberg-Ticket, hadi watu watano. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, kwa hiyo msiniamshe alfajiri. Na treni za mwendo kasi haziruhusiwi.

Mjomba: Wiesloch ni mbali na hizo ndege?

Zai: Si mbali. Wameweka na ukumbusho wa Bertha pale.

Mjomba: Basi tunapita. Nataka picha niibandike gereji.

Shangazi: Kama ni duka la dawa, niulizieni ya magoti.