Landrover 109 ya mzee: stata inavuta kwa uchovu, asubuhi ya baridi ndo kabisa

LR109_Uyole
Habari za leo wakuu. Nina Landrover ya mzee, Series III ndefu ile 109, ya 1976, injini ya petroli ya lita 2.25, mzee katuachia na mimi ndo nimekabidhiwa funguo. Shida ni stata, ile mota ya kuwashia injini. Asubuhi nikipiga inaenda nyooo... nyooo... kama mtu anapandisha mlima na gunia la viazi kichwani, inazungusha mara moja na nusu halafu kimya, na taa za dashibodi zinafifia hadi zinataka kuzima. Saa nne jua likishawaka angalau inakubali. Sasa kwa baridi hii ya huku Uyole mwezi wa sita si unajua tena, vijana wa bodaboda hapo kijiweni nimewasukumisha mpaka sasa wakiniona natoka na funguo wanapotea.

Kingine ni kwamba ikipata moto sana nayo inagoma, juzi nimetoka Igurusi nikapandisha Mlima Nyoka nikasimama kidogo nikazima, kurudi kupiga stata ikavuta kidogo tu ikaacha, nikakaa nusu saa nzima. Betri ni mpya ina miezi minne. Kuna gereji moja nilipeleka, fundi hakupima kitu, kaigonga stata na nyundo mara mbili ikawaka, akaniambia hii imekufa lete laki mbili na nusu nikutafutie ya gari lingine. Kweli imekufa? Na ile ya Landrover ya dizeli inaingia kwangu?

Bosi_Kyela
Mkuu badilisha stata maisha yaendelee. Hayo magari bila kutoa hela hayaendi.

Rewaya_Makambako
Bosi_Kyela usimtie mwenzio hasara. Mimi ni fundi rewaya, yaani umeme wa magari, nimekula moshi wa magari haya miaka mingi, na stata nyingi zinazoitwa zimekufa ukiziweka kwenye betri pale chini kwenye benchi zinaruka kama mbuzi. Shida ilikuwa waya.

LR109 tafuta mita, hata ile ya bei rahisi. Gari likiwa limelala usiku kucha pima betri, ikisoma kama 12.6 imejaa, ikisoma 12.2 hiyo iko nusu na kabla hujailaumu stata ukaangalie oltaneta inachaji vipi. Halafu toa ule waya mwembamba wa koili (ile inayotengeneza umeme wa plagi) ili injini isiwake, mtu akupigie stata huku mita iko kwenye temino za betri. Ikishuka chini ya 9.6 hivi, ama betri ni mpya jina tu, ama stata inakula umeme kupita kiasi. Ikibaki juu, tuseme 11, na bado inavuta kizembe, hapo umeme upo ila haufiki, na ndo pa kushughulika napo: waya mmoja wa mita weka kwenye kichwa chenyewe cha betri cha positive (kichwa, siyo klempu) mwingine kwenye nati ya stata, piga stata, isizidi nusu volti. Halafu kichwa cha negative kwenda kwenye bodi ya injini, hapo hata 0.3 naona ni nyingi. Penye kuzidi ndo penye ugonjwa, unafuata kipande kwa kipande, klempu, solenoidi (ile swichi kubwa ya kupeleka umeme kwenye stata), waya, nati.

Ya dizeli achana nayo. Yako kama haijabadilishwa ni Lucas M418G, bendeksi yake ni ya kuruka, yaani shafti ikianza kuzunguka kwa kasi kile kigia kinapanda kwenye nyuzi chenyewe kwenda kushika ringi gia (lile duara la meno la injini), na solenoidi yako iko mbali imefungwa kwenye bodi. Ya dizeli ina solenoidi mgongoni inayosukuma kigia kwa nguvu. Havifanani kabisa.

Dada_Mbao_Mafinga
Kaka LR109 naomba nikuulize, ukipiga stata muda mrefu waya wa choki haupati joto? Sisi tulikuwa na 109 ya kubebea mbao huku Mafinga, siku moja dereva anapiga stata mara moshi unatoka kwenye dashibodi, kugusa kile kitufe cha choki kinaunguza vidole. Tukadhani waya za swichi zimeungana, kumbe athi. Injini ya Landrover imekalia mipira, na negative ya betri inaenda kwenye chesisi, kwa hiyo umeme wote ule wa stata unarudi kupitia kile kimkanda cha waya wa kusuka kinachotoka kwenye gia boksi au injini kwenda chesisi. Kikikatika umeme unatafuta njia yoyote, unapita kwenye choki, kwenye waya wa akseleta, popote penye chuma. Ingia chini uangalie kabla hujatoa hata mia.

Kamwene_Ipogolo
Kamwene wote. Naongezea kwenye hiyo ya kugoma ikiwa ya moto. Angalia na taimingi, kama imetangulia sana cheche inapiga pistoni bado inapanda, stata inakuwa kama inapigana na injini. Kuijua ni rahisi, ikigoma ya moto chomoa waya wa koili upige stata, ikizunguka vizuri basi shida siyo stata, ni taimingi.

Na handeli yako iko wapi jamani? Landrover hizo zina tundu hapo mbele kwenye bampa, asubuhi kabla ya stata zungusha mara tatu nne bila swichi kulainisha oili, halafu ndo upige. Ila ukiwashia kwa handeli kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usikizungushe, ikirudi nyuma inavunja mkono. Mjomba wangu alitembea na POP miezi miwili kwa ubishi.

LR109_Uyole
Dada Mafinga Mungu akubariki. Choki ilikuwa inapata joto na mimi nilidhani ni joto la injini!! Nimeingia chini leo, ule mkanda upo ila umebaki nyuzi kama nane hivi, zingine zimeoza zimekuwa kijani, na pale unapofungwa kwenye chesisi kuna matope, grisi na rangi juu ya kutu. Mita ilisoma 1.9 kutoka negative mpaka injini. Nimenunua waya mnene wa kopa pale Sido Mwanjelwa (kuwa makini wana zile zilizopakwa rangi ya kopa, ukikwangua ndani nyeupe ni aluminiamu), nimepiga msasa mpaka chuma ikang'aa, nimefunga, nimepaka grisi juu. Imeshuka mpaka 0.2. Asubuhi ya leo baridi ileile imewaka kwa mara ya pili.

Ila ikiwa ya moto bado inachoka. Nimefanya ya Kamwene nikachomoa koili, bado nzito. Na positive mpaka stata ni 0.4, iko sawa.

Rewaya_Makambako
Sasa hapo tumeshatoa waya kwenye kesi, na ile nyundo ya fundi wako ilikuwa inamwambia kitu ila hakusikiliza. Ukigonga ikakubali mara nyingi ni makaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme ndani) yamekwisha, spring haiyafikishi vizuri kwenye amecha (ile sehemu inayozunguka ndani), ukitikisa yanagusa kidogo. Na kulemewa ikiwa ya moto mara nyingi bushi (kile kipete kinachoshika shafti) imelika, shafti inalala, amecha inalamba kwenye zile poli (sumaku) za pembeni.

Itoe. Negative ya betri kwanza, usije ukagusisha spana kwenye nati ya stata ukachomelea mkono. Boliti ni mbili na spana ni za inchi, usilazimishe za milimita utaviringisha vichwa, na ni nzito ile kitu, ishikilie isije ikaachia ikakuangukia. Ikitoka chungulia kwenye tundu huku mtu anazungusha handeli taratibu uone meno ya ringi gia mzunguko mzima, injini ya silinda nne inapenda kusimama sehemu zilezile mbili kwa hiyo ndo meno yanapolika.

Ndani: kaboni zikiwa chini ya milimita 8 badilisha zote nne. Mbili zimechomelewa kwenye waya za fildi (zile koili za sumaku za pembeni), usikate kwenye shina, acha kamkia ka kuchomelea mpya. Amecha ifute pale kaboni zinapogusa na kitambaa chenye petroli, ikiwa nyeusi sana msasa laini wa kioo, siyo ule mweusi wa chuma, na usikubali mtu akuchimbie vijia kati ya vile vipande vya kopa, kwenye dainamo sawa, kwenye stata hii hapana. Bushi mpya ya bronzi iloweke kwenye oili ya injini usiku mzima kabla ya kuipiga. Bendeksi ioshe na mafuta ya taa iache KAVU, ukipaka grisi inakamata vumbi la klachi inaganda.

LR109_Uyole
Nimerudi wakuu. Fundi Rewaya kasema kweli. Kaboni mbili zilikuwa fupi kuliko kucha ya kidole kidogo, na ukishika shafti inacheza kushoto kulia, kwenye amecha kuna mstari unaong'aa kabisa ilipokuwa inalamba. Bushi nimepeleka kwa wachonga vyuma, kaboni elfu kumi na tano, kuchomelea nimefanya mwenyewe na ikabidi nirudie. Jana nimeshuka nayo Igurusi nikapandisha Mlima Nyoka makusudi, nikazima palepale, nikahesabu mpaka kumi, nikapiga. Krrr, ikawaka. Bodaboda mmoja alikuwa ameshaanza kugeuza pikipiki.

Ndaga fijo, asanteni sana wote. Ila kile kifuniko cha nyuma ya stata, pale kwenye ncha ya pembe nne, kilishapotea zamani, nimeziba na mfuniko wa chupa ya dawa ya kikohozi, hauna shida?

Rewaya_Makambako
Hauna, ila hakikisha hauigusi ile ncha, inazunguka pamoja na shafti. Na uwe unatoka kirahisi, siku bendeksi ikinasa kwenye ringi gia hapo ndo unaweka spana unazungusha inaachia.