Dakika kumi na moja ghorofa ya pili: hivi niliona nini?

Fundi_Waya aliandika:

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi umeme, mwaka wa 19 huu kazini, mtu wa tesita na bisibisi. Nina jambo la miaka sita iliyopita ambalo nimewasimulia watu wawili tu, mke wangu na shemeji yangu, na kila nikilisimulia nalisikia likinenepa mdomoni. Ndiyo maana leo naliandika, labda likikaa kwenye maandishi litaacha kukua.

Tulipewa kazi ya kukagua nyaya za jengo kuukuu la ofisi lililokuwa limekaa tupu likisubiri kuuzwa. Umeme ulikuwa umekatwa huko nje kwenye mita. Tukawasha jenereta ndogo chini ya ngazi kwa ajili ya drili na taa yetu, msaidizi wangu akabaki nayo, mimi nikapanda na tochi ya kichwani kutafuta shoti iliyokuwa imetusumbua tangu asubuhi. Ilikuwa kama saa kumi kasoro alasiri.

Ghorofa ya pili ina ujia mrefu, milango mitano kila upande. Vumbi lilikuwa jingi, nikigeuka naona nyayo zangu mwenyewe zikinifuata. Nilipokaribia mlango wa tatu kushoto nikasikia taipureta. Si moja. Zilikuwa nyingi, kama mvua inapoanza juu ya bati, na ile kengele yake ya mwisho wa mstari. Wa umri wangu mnaijua. Vijana waulizeni wazazi wenu.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani kuna meza sita, safu mbili, watu wameinama wanachapa, na taa za dari zinawaka. Kilichonishtua kwanza hawakuwa watu, zilikuwa taa, maana mimi ndiye niliyehakikisha jengo zima halina umeme. Nikaziangalia. Balbu za kawaida chini ya vivuli vya bati jeupe, zimening'inia kwenye waya wa kusokota uliovishwa uzi. Waya wa namna ile sijawahi kuufunga maishani mwangu, nimeung'oa tu.

Mwanamke wa meza ya mbele akainua uso, akanitazama kama mtu aliyekosea ofisi, akasema neno moja: "Bado." Mimi nikasema samahani, nikarudi nyuma, nikawafungia mlango. Ndiyo, niliwafungia mlango kwa adabu zote! Sauti ikakatika. Haikufifia, ilikatika kama redio iliyochomolewa. Nikafungua tena: viti vibovu vimerundikwa hadi karibu na dari, vumbi sakafuni halina alama ya mguu, na pale palipokuwa na taa pana tundu tu.

Kwa hesabu yangu nilikaa juu dakika mbili. Simu ilisema kumi na moja. Nilipofika chini kijana akaniuliza kama nilikuwa nimelala.

Ninachouliza ni hiki. Yupo aliyewahi kujikuta hivyo, sekunde chache ndani ya wakati usio wake? Na je, baada ya miaka sita kuna namna ya kujua kama ninachokikumbuka leo ndicho nilichokiona siku ile? Wa majini na mizimu, shemeji yangu ameshawawakilisha vizuri, msijisumbue.

---

Nesi_wa_Zamu:

Kaka, nimesoma mpaka "jenereta ndogo chini ya ngazi" nikasimama hapohapo.

Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na hushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ubongo unaanza kukosa hewa bila wewe kuhisi kitu. Watu huchanganyikiwa, husikia sauti, hupoteza hesabu ya muda. Na ngazi ya jengo lililofungwa madirisha ni bomba la moshi: moshi moto hupanda. Aliyekaa chini mlangoni anaweza kuwa mzima na wa juu akalewa.

Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyohamia nyumba kubwa ya zamani ikaanza kusikia nyayo, kuona watu wageni usiku na kuumwa vichwa. Chanzo kilikuwa tanuri bovu la kupashia nyumba joto, moshi ukiingia ndani badala ya kutoka nje. Lilipotengenezwa, "wageni" wakaisha.

Kichwa kilikuuma siku ile? Kichefuchefu? Miguu kulegea ulipokuwa unashuka? Na tafadhali, hata kama jibu ni hapana, usiwashe tena kitu hicho ndani ya jengo.

---

Mpiga_Kona:

Mkuu, umekutana na watu wa zamani halafu unasema samahani na kufunga mlango? Si ungeuliza hata tarehe!

---

Fundi_Waya:

@Mpiga_Kona ukimkuta dada wa watu kazini, wewe umeshika bisibisi na hukuitwa, utaanza kumuuliza leo tarehe ngapi?

---

Kabati_la_Vitabu:

Ndugu Fundi, swali lako la pili ndilo zuri. La kwanza jibu lake ni ndiyo, wapo wengi, na karibu wote wanaangukia kwenye hilo la pili.

Kisa maarufu kuliko vyote ni cha walimu wawili Waingereza, Charlotte Anne Moberly na Eleanor Jourdain. Tarehe 10 Agosti 1901 walikuwa wanatembea kwenye bustani za Versailles, Ufaransa, wakitafuta jumba dogo la Petit Trianon. Wakapotea njia. Wote wakahisi uzito fulani wa ghafla, wakapita wanaume wenye makoti ya kijani na kofia za pembe tatu, mtu mwenye uso wa ndui karibu na kibanda, na Moberly akamwona mwanamke amekaa kwenye nyasi anachora. Baadaye waliamini kwamba yule alikuwa Malkia Marie Antoinette, na kwamba wao walikuwa wameingia katika karne ya 18.

Sasa tazama tarehe nyingine. Walikaa kama wiki nzima bila kuliongelea. Walipoliongelea, ilionekana Jourdain hakumwona huyo mchoraji kabisa, ingawa walipita pamoja. Maelezo yao waliyaandika Novemba, miezi mitatu baadaye, kisha wakatumia miaka kuchimba nyaraka na ramani za zamani kabla ya kutoa kitabu mwaka 1911, kwa majina ya bandia. Mtu akichimba nyaraka miaka yote hiyo, ni vigumu sana kwake kutenganisha alichoona bustanini na alichosoma maktabani. Mwaka 1965 mwandishi Philippe Jullian alidokeza kwamba huenda waliangukia tu katikati ya matajiri waliokuwa wakicheza na mavazi ya kale. Mimi sina hakika na hilo, lakini linaonyesha tatizo: kisa kimekuwa kikubwa, ushahidi wa siku yenyewe mdogo.

Kinachonisumbua zaidi ni kisa cha fundi kama wewe. Harry Martindale, mwaka 1953, kijana wa miaka 18, alikuwa anafunga mabomba kwenye chumba cha chini ya ardhi cha nyumba iitwayo Treasurer's House, mjini York, Uingereza. Akasikia tarumbeta, kisha wakatoka ukutani askari wa Kirumi, wamechoka, wachafu, wanaonekana kuanzia magotini kwenda juu. Walipofika mahali palipochimbwa, miguu ikaonekana: barabara ya Warumi ilikuwa chini ya sakafu ile. Alisema walibeba ngao za duara, wajuzi wakamcheka kwa sababu kila mtu "anajua" ngao ya Kirumi ni ya mstatili, hadi ilipokubalika kwamba askari wa nyakati za mwisho za Warumi walikuwa nazo za duara. Hapo hata mimi hunyamaza kidogo. Lakini kisa chake kilijulikana kwa watu miaka ya 1970 tu, miaka ishirini baadaye.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja. Tafuta chochote ulichokiandika siku ileile. Na yule msaidizi, kama hujawahi kumsimulia, usimsimulie. Muulize kwanza yeye anakumbuka nini.

---

Bi_Alfajiri:

Mwanangu, mimi nilikuwa napatwa na kitu kama hicho nikiwa na miaka thelathini na kitu. Naosha vyombo, ghafla niko mahali pengine, napajua kabisa, mtu anaongea na mimi kwa upole, halafu kinakatika kama ulivyosema. Kukatika, si kufifia; uliposema hivyo nikakumbuka sana. Nilificha miaka minne nikidhani napoteza akili. Kumbe ni kifafa, kile kinachoanzia upande wa ubongo ulio karibu na sikio. Sikuwahi kuanguka hata mara moja, ndiyo maana hakuna aliyejua. Daktari wangu ndiye aliyenieleza kwamba huko Montreal daktari mmoja, Wilder Penfield, aligusa sehemu hiyo kwa umeme kidogo wakati wa upasuaji, wagonjwa wakiwa macho, na baadhi wakasikia muziki na sauti za watu.

Kwako imetokea mara moja tu? Kama ni mara moja, shukuru. Kama zimekuwa mbili, nenda ukapimwe, usinifanye niwe na wasiwasi na mtu nisiyemjua.

---

Mwalimu_Kipimo:

Neno dogo la fizikia. Muda haupiti sawa kwa kila mtu, hilo limepimwa: mwaka 1971 Hafele na Keating walizungusha saa za atomu (saa sahihi mno) duniani kwa ndege za abiria, zikarudi zimepishana na zilizobaki chini kwa sehemu za mabilioni ya sekunde. Kurudi nyuma ni habari nyingine, hakuna kipimo kilichowahi kuonyesha hilo. Na kuna jambo ambalo wasimuliaji hulisahau. Dunia hulizunguka jua kwa takriban kilomita 30 kila sekunde. Ungerudi nyuma hata saa moja tu "mahali palepale", ungekuta anga tupu. Ujia wako nao ungelazimika kukufuata.

---

Fundi_Waya:

Nawashukuru wote. Naanza na Bi Alfajiri: shikamoo mama, ni mara moja tu, tangu hapo hakuna kitu.

Nesi, kichwa kiliniuma. Kiliuma mpaka usiku, nikadhani ni njaa. Na kijana hakukaa chini ya ngazi, alikuwa amekaa mlangoni kabisa, upepo unampiga. Miaka 19 nawaambia watu wasiguse hiki na kile, halafu mimi mwenyewe naweka jenereta ndani. Sina la kujitetea.

Baada ya kumsoma Kabati nikaenda kuvuruga maboksi. Daftari la kazi la mwaka ule nimelipata. Ukurasa wa siku hiyo umeandikwa hivi, nanakili kama ulivyo:

"Gh. 2 ml. 3 kush. Sauti ya taipu. Taa inawaka?? Viti. Shoti bado."

Basi. Hakuna meza sita. Hakuna mwanamke. Na lile "Bado" nililokuwa nikilisikia kwa sauti yake miaka sita, lipo hapo kwa mwandiko wangu, na linahusu shoti. Nimekaa na daftari hilo mapajani muda mrefu, mke wangu akadhani nimepokea habari ya msiba.

Lakini "Taa inawaka", na alama mbili za kuuliza, nimezikandamiza kalamu hadi karatasi imetoboka. Hilo niliandika siku ileile.

Halafu kuna ukurasa unaofuata. Kesho yake shoti niliipata juu ya chumba hichohicho, ndani ya plasta: kipande cha waya wa kusokota, wa uzi, uliosahaulika humo. Najaribu kukumbuka kama siku ya kwanza nilikuwa nimeshakibandua kile kipande cha plasta na kuuona, au ni kesho yake tu. Daftari halisemi.

Kijana sasa ana kampuni yake mwenyewe. Sijawahi kumwambia neno. Jumamosi nitampigia, nimuulize tu anakumbuka nini kuhusu lile jengo, halafu ninyamaze.