Mrejesho: nafasi ya mchezaji wangu kwenye ligi ya soka ya kompyuta

Wakuu, kwenye ligi hii kila mtu hutengeneza mchezaji wake wa kubuni, anayeingia timu moja na wachezaji wa wenzake. Niliuliza mgeni achague nafasi gani anapotengeneza mchezaji wake wa kwanza, nikiwa naegemea namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati. Asanteni sana kwa majibu. Nimechukua beki wa kati.

Mfumo wa 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu) una namba tisa mmoja tu lakini mabeki wa kati wawili. 3-5-2 unataka mabeki wa kati watatu. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu ya kutengeneza mchezaji, fungua vikosi vya timu zote, hesabu waliopo kila nafasi, kisha tazama umri: anayekaribia kustaafu ndiye anayeacha pengo. Kipa ni mmoja kwa timu, na akiwa mzuri hatolewi, hivyo mgeni anaweza kusugua benchi msimu mzima.

Kubwa zaidi ni pointi za mazoezi, zile unazotumia kupandisha sifa za mchezaji kama kasi au nguvu. Sifa ikishapanda, kila hatua inayofuata inakula pointi nyingi zaidi, ndiyo maana nafasi inayodai sifa nyingi inamchelewesha mgeni. Winga anataka kasi, chenga, krosi na pumzi, tena abadilike kuwa mfungaji. Beki wa kati anaanza kutumika akiwa na ukabaji, kujipanga, nguvu na mpira wa kichwa.

Kosa langu lilikuwa kugawa pointi sawa kwa sifa zote. Mchezaji akawa wa wastani kwa kila kitu na hakushinda mpira wowote wa juu. Nimezigawa pointi upya: zile sifa nne za beki kwanza, kasi inafuata, maana beki mzito akipigiwa mpira nyuma ya mgongo hamfikii mtu.

Passi nitaziongeza msimu ujao, kwa kuwa meneja wetu anaanzisha mashambulizi kutoka nyuma.