PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) ya 7: tuombe udaktari Muhimbili, Dodoma, Mbeya au Bugando?

Mjomba wa Lindi
Wakuu, mpwa wangu kamaliza kidato cha sita, kapata Division One ya 7: Fizikia C, Kemia B, Baiolojia B. Hataki kozi yoyote ila udaktari, na udaktari kwake ni Muhimbili tu. Ada za maombi natoa mimi, sasa nataka kujua nazitupa wapi. Nimeona sehemu wameandika kozi inataka pointi 6, yeye ana 7. Ina maana kakosa kwa moja?

Chaki Nyeupe
Mjomba, hapo umechanganya mizani mbili. Pointi za NECTA (Baraza la Mitihani), A ni 1, B ni 2, C ni 3, kadiri zinavyopungua ndivyo ufaulu unavyopanda. Za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), ambazo ndizo za kuombea chuo, zimegeuzwa: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa hiyo kijana ana 4+4+3, jumla 11. Hizo 6 unazoziona hata D tatu zinazifikisha. Kila mwaka wazazi wanakuja ofisini kwangu na hofu hiyo hiyo.

Mjomba wa Lindi
Alhamdulillahi! Basi Muhimbili kaingia.

Wodi Namba Tano
Taratibu mkuu. Sifa ya chini inakupa ruhusa ya kupanga foleni, haikupi kiti. Wenye A tatu kutoka nchi nzima wanaomba Muhimbili, na wanaochaguliwa wanaanzia juu kushuka mpaka nafasi ziishe. Kwa 11 mimi ningesema uwezekano wa kukosa ni mkubwa kuliko wa kupata. Aombe, ila asiombe hapo peke yake. Dodoma na Mbeya nazo ni za serikali, na miaka mitano ya MD (shahada ya udaktari) ni ile ile, na mwaka wa intaniship (mazoezi ya kazi hospitalini) ni ule ule. Mgonjwa hakuulizi ulisomea Muhimbili au wapi.

Mwana wa Iyunga
Nyongeza kuhusu Mbeya: kile ni chuo kilicho chini ya UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), fomu yake ijaze huko. Kuna watu wanatafuta tovuti ya "Chuo cha Mbeya" mpaka dirisha la maombi linafungwa.

Mama Pacha
Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi ni vizuri, hospitali kubwa, wagonjwa wa kujifunzia wapo. Lakini ni vya mashirika ya dini, ada yake haifanani na ya serikali. Usipige hesabu kwamba mkopo utamaliza ada yote. Kaa na familia muulizane: mkopo ukija nusu, nani anajazia, kwa miaka mitano?

Dawa Chungu
Au achukue Famasi hapo hapo Muhimbili, halafu ahamie MD.

Wodi Namba Tano
Dawa Chungu, usimdanganye mtoto wa watu. Kuhama kunataka nafasi iwepo, na MD ndiyo kozi isiyobaki na nafasi. Famasi achague kama anaipenda.

Chaki Nyeupe
Naunga mkono. Mpangilio wangu: Muhimbili MD, Dodoma MD, UDSM kwa ile ya Mbeya, kisha Bugando kama ada mnaiweza. Akikosa dirisha la kwanza, la pili aingie na vyuo vyenye nafasi, asirudie kule kule kwa hasira.

Mama Pacha
Na namba ya simu! Binamu yangu alichaguliwa vyuo viwili, akatakiwa athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwa SMS. Fomu alijaziwa steshenari, jamaa akaweka namba yake mwenyewe. Tulimfuata mpaka kwao, simu kashauza. Tulihangaika siku tatu.

Mjomba wa Lindi
Hii ya steshenari imenishtua, maana ndiko nilikomtuma leo asubuhi. Nimempigia, anasema wako ukurasa wa pili na namba iliyowekwa ni ya mwenye duka. Nimewasha pikipiki, narudi.