Wiki moja kwenye boti ya matanga na watu nisiowajua: Shelisheli, Visiwa vya Virgin au San Blas?

Nyota_Asubuhi
Wanajamvi, salaam. Nina wiki moja ya likizo na nataka niimalize baharini, kwa ule mtindo wa kulipia kitanda tu: kila mtu ananunua nafasi yake, kampuni inawachanganya na kuwapa nahodha. Nimebaki na safari tatu. Kuna katamarani, yaani boti ya matumbo mawili, ya kuzunguka Mahé, Praslin na La Digue kule Shelisheli. Kuna katamarani nyingine ya Visiwa vya Virgin vya Uingereza, inaanzia Tortola. Ya tatu ni boti ya mkuku mmoja, yaani ya tumbo moja, inayopita San Blas, Panama, kisha inavuka hadi Cartagena, Colombia, na ndiyo nafuu kuliko zote. Malipo ya awali yanatakiwa kabla wiki haijaisha. Mngekuwa nyinyi mngechukua ipi?

Pwani_Mbili
Mkuu, umeacha jambo la kwanza kabisa: mwezi gani? Visiwa vya Virgin vina msimu wa vimbunga kuanzia Juni hadi Novemba. Irma ya Septemba 2017 iliharibu mamia ya boti pale. San Blas iko kusini ya njia ya vimbunga, ila kuanzia Desemba hadi Machi upepo wake ni mkali na ile bahari ya kuvukia inachafuka vibaya. Shelisheli ya visiwa vya ndani haina shida ya vimbunga. Shida yake ni kusi. Taja mwezi ndipo tuongee.

BintiMaji
Na kuogelea unajua? Chombo kikiyumba unatapika? Unaenda peke yako au na mwenzako? Ukiwa peke yako watakulaza chumba kimoja na mgeni au watakutoza chumba kizima. Bila majibu hayo tunakisia tu.

Tanga_Mbele
Mimi sina haja ya kujua mwezi. Chukua katamarani. Glasi ya maji unaiweka mezani na unaikuta palepale, hakuna kulala ukiwa umeinama upande mmoja, na vyumba viko mbalimbali, watu wawili huku, wawili kule. Kwa kundi la watu wasiojuana nafasi ndiyo amani. Tena haihitaji kina kirefu, kwa hiyo mnatia nanga karibu na ufuko.

Mkuku_Mmoja
Tanga_Mbele, nakuheshimu lakini humwambii yote. Ikipiga bisho, yaani ikienda kinyume cha upepo, katamarani ni chombo kizito. Mawimbi yanagonga chini ya daraja kati ya matumbo mawili na meza nzima inatetemeka. Ndiyo maana kwenye safari nyingi za aina hii matanga yanakunjwa na injini inanguruma kutwa. Mtu anayetaka kujua upepo ni nini apande mkuku mmoja. Ile kuinama unaizoea, na ukiizoea hutataka kingine.

Tanga_Mbele
Ataizoea siku ya mwisho, likizo imekwisha.

Zamu_ya_Usiku
Ngojeni niwasimulie yaliyotukuta, maana mnabishana kuhusu matumbo ya boti ilhali tatizo hukaa kwenye watu.

Tulikuwa wanane na nahodha. Watano kati yetu walikuwa marafiki wa siku nyingi, na kampuni haikutuambia sisi watatu tuliobaki. Jioni ya kwanza tu ratiba ikawa yao: tulale ghuba gani, muziki uzimwe saa ngapi. Mfuko wa pamoja wa chakula, mafuta na maboya ya kufungia ukaliwa na pombe, na sisi watatu hatunywi. Tangi la maji matamu likakauka kwa sababu kila aliyetoka kuogelea alioga kama yuko nyumbani, ikabidi tukiache kisiwa nilichokuwa nakisubiri kwa hamu kuliko vyote, turudi marina kujaza.

Hayo yanavumilika. Usiku mmoja nahodha akanywa pamoja nao. Upepo ukageuka, nanga ikaanza kukokoteka. Aliyegundua ni mama mmoja aliyetoka sitahani kupunga hewa, akaona taa za boti ya jirani zinatukaribia. Kina kilikuwa kama mita 8, naye alikuwa ameshusha mnyororo wa mita 15 tu, wakati mabaharia wengi hushusha angalau mara 4 au 5 ya kina. Tulimtikisa, tukammwagia maji, ndipo akainuka. Injini iliwaka mwamba ukiwa unaonekana kwa tochi. Asubuhi hakutamka neno.

Mwisho wa safari kampuni ikakata dhamana ya kila mmoja wetu kwa rafadha ya boti ya mpira iliyovunjwa na mmoja wa wale watano. Mkataba ulisema dhamana ni ya kundi zima. Kwa hiyo Nyota, uliza mambo mawili kwa maandishi: kuna kundi lililokwisha kununua vitanda vingi? Na dhamana ni ya mtu au ya boti?

BintiMaji
Pole sana ndugu yangu. Nahodha wa abiria hapaswi kugusa pombe safari nzima, hata nanga ikiwa chini. Chombo ni chake saa zote.

Pwani_Mbili
Hapo unazidisha kidogo. Mkiwa mmefungwa kwenye boya imara, bahari shwari, glasi moja ya divai na chakula haizamishi boti.

BintiMaji
Boya imara umelikagua wewe? Umezama ukaona kamba yake? Sikubali.

Nyota_Asubuhi
Ahsanteni. Ni Agosti. Niko peke yangu, mwanamke, naogelea kidogo na ni kwenye bwawa tu. Sijawahi kulala kwenye chombo, kwa hiyo sijui kama nitatapika.

Pwani_Mbili
Dada, hayo ndiyo yangetangulia! Visiwa vya Virgin Agosti futa. Inasikitisha, kwa sababu ndiyo bahari rahisi kwa mgeni: visiwa vinaonana na mlango wa bahari wa Sir Francis Drake umekingwa pande zote. San Blas kwenyewe kuzuri na mnalala nyuma ya miamba, maji yametulia. Kule kuvuka hadi Cartagena ni bahari kuu, mchana na usiku, na hakuna pa kushuka. Kwa safari ya kwanza sikushauri.

Mkuku_Mmoja
Na Shelisheli Agosti kusi limepamba moto. Mahé hadi Praslin ni kama kilomita 45 za maji wazi. Ukifika, fukwe za upande wa kaskazini kama Anse Lazio zimekingwa, na Curieuse utawaona kobe wakubwa. Lakini usiogelee Grand Anse ya La Digue kipindi hicho, mkondo unavuta. Ukiweza kusogeza hadi mwishoni mwa Oktoba au Novemba, upepo unapobadilika, ni bahari nyingine kabisa.

Samaki_Mwekundu
Mbona hakuna aliyetaja Whitsunday, Australia? Visiwa 74, Great Barrier Reef inapunguza mawimbi makubwa, Agosti ni msimu wao wa baridi na ukavu, vimbunga hakuna na nyangumi wanapita. Wale viwavi wa baharini (jellyfish) wenye sumu husumbua zaidi Novemba hadi Mei.

Tanga_Mbele
Ameuliza tatu, wewe unamletea ya nne.

BintiMaji
Dada, popote utakapokwenda: chumba chenye kitasa kinachofungwa kwa ndani, mwenzako wa chumba awe mwanamke na iandikwe. Omba kuongea na nahodha kwa simu kabla hujalipa. Na siku ya kwanza vaa jaketi okozi ujaribu mikanda yake, usingoje shida.

Nyota_Asubuhi
Nitaomba likizo isogezwe hadi Oktoba. Kazini wakikataa sijui. Na hiyo kutapika inazuilikaje?

Zamu_ya_Usiku
Tangawizi, na macho kwenye upeo wa bahari. Usishuke chumbani chombo kikiwa kinatembea.

Mkuku_Mmoja
Tangawizi haimsaidii kila mtu. Kuna plasta ya skopolamini ya kubandika nyuma ya sikio, inabandikwa saa kadhaa kabla ya kung'oa nanga, lakini muulize daktari kwanza. Baadhi ya watu huwakausha mdomo na kuwatia ukungu machoni.

Samaki_Mwekundu
Tukiwa kwenye macho: kuna anayevaa miwani humu aliyewahi kupata barakoa ya kuzamia yenye lenzi zake? Bila miwani sioni hata samaki aliye mkononi.

Pwani_Mbili
Zipo. Anzisha mada yake, nitakuja.